Asilimia kwenye chupa ya dawa ya mbu ni saa, si ukali

"Shangazi shikamoo. Nasafiri Alhamisi. Ninunue dawa gani ya mbu? Hii ya asilimia 95 si ndiyo kali kuliko zote?"

Ujumbe huo uliingia nikiwa na mkono ndani ya kizimba, kwa hiyo niliujibu baadaye. Mimi ni mtaalamu wa wadudu, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuwapelekea mbu ngozi yangu mwenyewe ili nione dawa ipi inawazuia, na kwa muda gani. Jibu nililompa binti wa kaka yangu lilikuwa fupi mno, naye akaendelea kuuliza hadi usiku. Nimeona heri niliandike lote hapa.

Nianze na kizimba chenyewe, kwa sababu ukielewa dawa hizi zinavyopimwa, nusu ya maswali yanajijibu. Ni sanduku la wavu lenye sentimita 40 kila upande. Ndani yake kuna mbu 200 hadi 250, wote majike, maana dume haumi, yeye anaishi kwa maji matamu ya maua. Wamefugwa maabara, hawana ugonjwa wowote, ila wana njaa ya damu. Kwanza naingiza mkono usio na dawa. Wasipotua angalau mara 10 ndani ya sekunde 30, kazi inaahirishwa: mbu wasio na hamu hawapimi kitu. Wakiwa na hamu, napaka mililita 1 ya dawa kuanzia kifundo cha mkono hadi kiwiko, navaa glovu kufunika kiganja, kisha naingiza mkono kwa dakika 3. Natoa. Baada ya nusu saa au saa nzima narudia, na kurudia tena, hadi mbu wa kwanza atue na kujaribu kuuma. Hapo saa inasimamishwa.

Kwa hiyo matokeo yetu yanaandikwa kwa saa na dakika. Dawa hizi haziui mbu. Zinafuka polepole kutoka kwenye ngozi na kuharibu uwezo wa mbu kumtambua mtu aliye mbele yake. Mvuke ukipungua kupita kiwango fulani, mbu anatua kana kwamba hukupaka chochote. Asilimia iliyoandikwa kwenye chupa inakuambia akiba uliyonayo. Kibatari kilichojazwa mafuta pomoni hakitoi mwanga zaidi ya chenye nusu, kinachelewa tu kuzimika.

Chukua mfano wa dawa iitwayo DEET, ambayo ndiyo kongwe na iliyochunguzwa kuliko zote. Jeshi la Marekani lilianza kuitumia mwaka 1946, raia wakaruhusiwa mwaka 1957. Ikiwa asilimia 10, tarajia kinga ya saa 2 hivi. Ikiwa kati ya 20 na 30, saa 4 hadi 6. Ukivuka 50, muda unaoongezeka ni mdogo sana. Ile ya 95 aliyoipenda binti yangu ingemwongezea kemikali mwilini na harufu puani, basi.

Geuza chupa. Upande wa mbele umeandikwa na muuzaji, wa nyuma umeandikwa kwa kuogopa sheria, kwa hiyo mimi huamini wa nyuma. Tafuta jina la kiambato na asilimia yake. Kama havipo, irudishe rafuni, hata ikiwa imechorwa majani ya kijani kila pembe.

Majina ninayoyatafuta ni manne. DEET nimeshaitaja. Ubaya wake si afya kama wengi wanavyodhani, ubaya wake ni kwamba inayeyusha plastiki. Nina saa ambayo kioo chake kimekuwa na ukungu wa kudumu, na miwani iliyobaki na alama za vidole vyangu kama ushahidi wa polisi. Pamba, sufu na nailoni haiziathiri, lakini nguo za rayoni na zile zinazovutika ziepushe nayo.

La pili ni ikaridini, ambayo kwenye chupa nyingine huandikwa pikaridini. Ilitengenezwa na kampuni ya Bayer miaka ya 1980. Ikiwa asilimia 20 inakaribia DEET ya 20 hadi 30, haina harufu ya kusumbua, haigusi plastiki, wala haiachi mafuta mafuta kwenye ngozi. Ukiniuliza ninayobeba mwenyewe safarini, ni hiyo. Sababu yangu si ya kisayansi sana: dawa isiyokukera ndiyo utakayoipaka tena saa kumi jioni ukiwa umechoka.

La tatu linaitwa IR3535. Ni laini kwa ngozi na Ulaya imetumika kwa miongo kadhaa. Ila dhidi ya Anopheles, mbu wa malaria, kinga yake ni fupi kuliko hizo mbili za kwanza, kwa hiyo siichagui kwa safari ya kwenye malaria.

La nne ndilo linalozua mkanganyiko. PMD inatokana na mkaratusi wenye harufu ya limau, na ni dawa nzuri kweli, mojawapo ya chache zenye asili ya mmea zinazofaulu kizimbani. Lakini mafuta ya kawaida ya mti huohuo, yale yanayouzwa kwenye vichupa vidogo kwa ajili ya kunukisha chumba, si kitu kimoja nayo. Mafuta ghafi yana PMD kidogo mno. Nimewahi kumpokea msafiri aliyejaa uvimbe miguuni, kichupa mkononi, ameudhika kwamba "mkaratusi haufanyi kazi". Alichopaka kilikuwa manukato. Tafuta neno PMD, au maelezo kwamba mafuta yamesafishwa na kuongezewa kiambato hicho.

Nje ya hayo manne, subira yangu ni ndogo. Mwaka 2002 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la aina yetu hii ya mkono na kizimba. DEET ya asilimia 23.8 ilikinga kwa wastani wa dakika 301.5. Dawa za sitronela, mafuta ya nyasi za jamii ya mchaichai, nyingi zilishindwa kabla ya dakika 20. Bangili za kuvaa mkononi hazikumaliza hata dakika moja. Bangili ni danganya toto. Hata ingekuwa na dawa bora duniani, inakinga pale ilipogusa, na mbu anashuka sentimita chache tu pembeni anaendelea na shughuli zake. Vile vifaa vinavyodaiwa kutoa sauti ya kufukuza mbu vilichunguzwa mwaka 2007 na wataalamu wa Cochrane, shirika linalopitia tafiti za tiba: majaribio 10 ya nje ya maabara, hakuna hata moja lililoonyesha watu wakiumwa kidogo. Vidonge vya vitamini B1 na kula vitunguu saumu viweke kapu hilohilo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa uzoefu wangu, linawaangusha watu kuliko kuchagua dawa mbaya. Ni kiasi.

Kumbuka ile mililita 1 ya maabara. Inapakwa kwenye ngozi ya sentimita za mraba 600 hivi, yaani mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko. Namba za saa unazosoma kwenye chupa zinatokana na kupaka kwa ukarimu wa namna hiyo. Mtu mzima aliyevaa kaptura na fulana ya mikono mifupi anaacha wazi karibu theluthi ya ngozi yake. Piga hesabu ya haraka: ni kama mililita 9 au 10 kwa mpako mmoja. Ukipaka mara mbili kwa siku, chupa ya mililita 100 inakwisha siku ya tano. Ndiyo maana nikimwona mtu amerudi kutoka safari ya wiki mbili na chupa ileile ikiwa nusu, sihitaji kumuuliza kwa nini anajikuna.

Suruali ndefu na mikono mirefu hushusha hesabu hiyo hadi mililita 4 hivi: uso, shingo, viganja na miguu. Nguo basi ni sehemu ya dawa. Nguo hizo zikitiwa permethrini ya asilimia 0.5 unakuwa umepiga hatua kubwa, maana hiyo inaua mbu anayetua, na ukiitia mwenyewe inastahimili kufuliwa mara kadhaa. Permethrini ni ya nguo, viatu na chandarua, kamwe si ya ngozi. Itie nje, iache ikauke kabisa, na kama una paka nyumbani mweke mbali hadi ikauke, kwa sababu ini la paka haliwezi kuivunja.

Namna ya kupaka. Usijipulizie kama unanyunyiza marashi, ukatembea ndani ya ukungu wake. Sambaza kwa kiganja, usiache vipande. Mahali ninapoona panasahauliwa ni nyuma ya masikio, nyuma ya goti na kifundo cha mguu, na kifundo ndicho Aedes, mbu wa mchana, anachokipenda. Usoni usipulize kabisa, pulizia kiganjani kisha paka, ukiepuka macho na mdomo. Jasho, kuogelea na taulo vinapunguza saa ulizohesabu, kwa hiyo baada ya hapo anza upya. Kama unapaka pia mafuta ya kujikinga na jua, hayo yatangulie, yasubiriwe yakauke, dawa ya mbu ifuate juu. DEET hupunguza nguvu ya kinga ya jua kwa kama theluthi, kwa hiyo usikae juani kama uliyevaa ngao. Zile chupa zilizochanganya vyote viwili sizipendi: mafuta ya jua hupakwa kila baada ya saa 2, dawa ya mbu haihitaji hivyo.

Kabla ya kuchagua saa ngapi unazohitaji, jiulize mbu gani anakusubiri. Anopheles huuma kuanzia machweo hadi alfajiri. Aedes aegypti, anayebeba kidingapopo, chikungunya, Zika na homa ya manjano, anafanya kazi mchana, hasa asubuhi na kabla ya jua kuzama. Mtu aliyezoea kuogopa mbu wa usiku peke yake anaingia mji wenye kidingapopo, analala vizuri ndani ya chandarua, anaamka na kuumwa saa mbili asubuhi akinywa chai nje. Na kuna maeneo yenye wote wawili. Huko utapaka tangu asubuhi na utapaka tena jioni, na vidonge vya kuzuia malaria alivyokuandikia daktari utaendelea kuvimeza. Hakuna dawa ya kupaka inayochukua nafasi yake.

Kuhusu watoto: DEET haishauriwi kwa aliye chini ya miezi 2, na kwa waliozidi umri huo Wamarekani wanashauri isivuke asilimia 30. PMD isitumike kwa aliye chini ya miaka 3. Mpake wewe mtu mzima, na usimpake viganjani, kwa sababu vinaishia mdomoni. Kichanga wa chini ya miezi 2 dawa yake ni wavu juu ya kibebeo.

Wajawazito huniuliza kwa kunong'ona, kana kwamba swali lenyewe ni kosa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2001, kwenye mpaka wa Thailand na Myanmar, liliwahusisha wajawazito 897 wa miezi mitatu ya kati na ya mwisho. Nusu walipaka DEET ya asilimia 20 kila siku. Watoto wao walifuatiliwa hadi umri wa mwaka mmoja na hayakuonekana madhara. Ukiweka hilo kwenye mizani na malaria au Zika tumboni, mimi ninasema paka.

Kwenye mizigo, kumbuka chupa inayozidi mililita 100 haipiti na begi la mkononi katika viwanja vingi vya ndege. Zipo za kijiti na vitambaa vilivyolowekwa dawa, vinafaa siku ya kwanza kabla mzigo mkubwa haujafika. Na nunua kabla ya kuondoka. Ukifika saa tatu usiku, mbu wameshaanza na maduka yameshafungwa.

Binti wa kaka yangu nilimshauri ikaridini ya asilimia 20, chupa tatu. Duka alilokwenda lilikuwa na moja tu, akajaliza kwa DEET ya 30. Amerudi juzi, hana alama hata moja miguuni. Ila amenipigia kulalamika: rangi ya kucha yote imeyeyuka siku ya pili, na kasha la simu linanata.