Maji meupe sio maji tayari

Jana usiku saa nne simu imeita, mzee mmoja wa Mwanga hapa Kigoma, mtu namheshimu sana, kaanza kufuga samaki wa bahari nyumbani, sauti imemkauka. "Kijana, wamekufa wote wanne." Nikamuuliza mzee wangu tangi lina siku ngapi, akasema hii ya tano, afu akaongeza ile sentensi ambayo mwaka huu nimeisikia mpaka basi: "Lakini maji ni meupe kabisa, naona mpaka ukuta wa nyuma." Wale samaki wanne walikuja kwa ndege kutoka Dar, kwenye boksi la foma na mifuko ya oksijeni, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Wamevumilia safari nzima, wakaja kufia sebuleni.

Naandika leo leo kwa sababu sitaki simu nyingine ya hivyo.

Chumvi kwanza, niimalize haraka. Hapa Kigoma ukitaja tangi la maji ya bahari kila mtu anakwambia si tuna Uvinza hapo? Tunayo, chumvi imepikwa pale zaidi ya miaka elfu moja na mboga zetu tunaiungia hiyo hiyo. Ila bahari sio maji ukatia chumvi ya jikoni. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi za kila aina, na humo kama gramu 5 sio chumvi ya kula, ni magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu, bikaboneti, na humo humo ndo kuna kinachozuia pH, kipimo cha asidi ya maji, isiporomoke. Nunua chumvi ya akwariamu, tangi la lita 200 linakula kilo 7, koroga kwenye pipa na pampu siku nzima, pima kwa rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, mpaka isome 1.025. Maji yakipungua ongeza maji yasiyo na chumvi, maana kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Basi.

Sasa turudi kwenye maji meupe, maana hapa ndo samaki wanapoishia.

Sumu inayowaua ni amonia, nayo haina rangi. Samaki anaitoa kwenye matamvua kila dakika, chakula kilichobaki kinaitoa kikioza, na wewe umekaa kwenye kochi unaona maji kama kioo. Jamani mbona kisimani tunaelewa? Maji ya kisima yanaweza kuwa meupe pee na yakakulaza hospitali wiki nzima, hakuna anayebisha, lakini tangi likija mtu anaamini macho. Na maji ya bahari ni makali zaidi kwa hili, kwa sababu amonia ina sura mbili, moja ya upole na moja ya kuua, na pH ikipanda ya upole inageuka ya kuua. Kwenye pH 7, joto nyuzi 25, ya kuua haifiki hata moja kwenye mia. Kwenye 9 inapita theluthi. Bahari iko 8.2 hivi, kwa hiyo uko katikati ya hatari. Sisi tunaofungasha samaki wa ziwani, tropheus na frontosa, tumelijua hili mapema kwa sababu ziwa letu lenyewe pH yake inakaribia 9, ukizembea tu mfuko mzima unageuka.

Kinacholisafisha tangi ni bakteria. Kuna wanaokula amonia na kutoa nitraiti, afu kuna wengine wanaokula nitraiti na kutoa nitreti, ambayo samaki anaivumilia. Hawa hawaji na maji, wanaota kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye sponji ya filta, na wanaota polepole sana. Tangi la siku tano halina hao watu. Ni ndoo ya kioo yenye taa.

Mi nafanya hivi. Maji yakishatulia naweka dagaa mmoja mbichi ndani ya soksi ya nailoni, nafunga fundo, natupa nyuma ya jiwe aoze, amonia yake ndo chakula cha bakteria. Siku ya tatu soksi ina utando mweupe kama pamba na ukifunua mfuniko utanusa. Nachukua kichupa cha kupimia, natia matone, nasimama nacho mlangoni kwenye mwanga wa jua kwa sababu taa ya ndani inadanganya, na njano inageuka kijani mbele ya macho yako. Hiyo ndo amonia, kwenye maji yale yale meupe! Baada ya wiki mbili tatu kijani kinaanza kufifia kurudi njano, na kichupa cha nitraiti kinatoka bluu kinakuwa zambarau nzito. Hapo watu wanafurahi wananunua samaki. Bado! Kundi la pili halijakamata.

Vitabu vinasema tangi linaiva wiki 4 hadi 6 kama vile ni kalenda ya shule. Mi nimewahi kuwasha matangi mawili siku moja, chumvi moja, mawe ya gunia moja, moja likaiva siku ya 26 na jingine siku ya 44, na mpaka leo sina maelezo ya kumpa mtu. Bakteria wa chupa nimetumia, mara wamesaidia mara sijaona tofauti. Na hii ya nitraiti niseme ukweli, samaki wa bahari haimuumizi kama wa maji matamu kwa sababu kloridi iliyojaa kwenye maji inaizuia isiingie mwilini, na wapo wafugaji wazuri hawaijali kabisa. Mi naisubiri ifike sifuri sio kwa kuogopa sumu, naisubiri kwa sababu inaniambia kundi la pili limefika.

Kitu kingine kinachoniuma ni usafi. Wiki ya nne mchanga unapata vumbi la kahawia, mtu anapaniki, anatoa mawe anasugua, anachukua sponji ya filta anaikamua chini ya bomba lenye klorini mpaka inang'aa. Dada yangu, kaka yangu, umewaua wote uliowalea mwezi mzima, unaanza siku ya kwanza. Lile vumbi litaondoka lenyewe. Sponji suuza kwenye ndoo ya maji ya tangi lile lile, tena kidogo tu. Na umeme ukikatika usiku washa pampu ya hewa ya betri, hao bakteria nao wanapumua.

Amonia sifuri na nitraiti sifuri, weka dagaa mwingine, akishaanza kuoza pima tena. Zikibaki sifuri unaingiza samaki mmoja. Mmoja, sio wanne. Wiki mbili mbele ndo wa pili.

Mzee nimemwambia asimwage maji, asiguse mawe, Jumamosi naenda na vichupa vyangu. Na nyie mkinitafuta nitumieni namba, amonia ngapi, nitraiti ngapi, siku ya ngapi. Picha ya maji msinitumie.