Ukuta wa chokaa na plasta ya saruji

Bagamoyo wengi wetu tunaamini kwamba ukuta wa zamani ukianza kubanduka, uwe wa nyumba ya Mji Mkongwe au wa kanisa la misheni iliyoanza 1868, dawa yake ni plasta ya saruji. Saruji ni ngumu, basi itaukaza. Imani hiyo ina mantiki, maana kwenye nyumba za tofali za saruji ndivyo ilivyo.

Ila kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Chokaa yenyewe ni matumbawe pia: yalichomwa juu ya rundo la magogo, yakamwagiwa maji hadi yakawa unga, kisha yakachanganywa na mchanga. (Saruji ya kisasa ilipewa hataza Uingereza 1824, msikiti wa Kaole, ambao sasa ni magofu jirani na Bagamoyo, ulishasimama karne nyingi kabla.) Chokaa hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, pamoja na chumvi yake, hutokea nje na kukauka. Ukiuziba kwa saruji, maji hubaki ndani, chumvi huganda nyuma ya plasta na kumega jiwe lenyewe, huku nje kunang'aa kwa miaka kadhaa.

Kujihakikishia ni rahisi. Gonga kiraka cha saruji kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama debe tupu, kimeshaachana na ukuta. Tazama pia kingo zake baada ya masika: mara nyingi unga mweupe wa chumvi umehamia kwenye chokaa ya jirani. Kukwaruza kwa msumari, hapana. Ukuta ni mzee.