Treni za mfano darini: mambo ambayo bima ya nyumba hailipi

Wiki hii nimeulizwa tena: "Kaka, hasara yangu ni pauni 5,000, na bima yangu ya vitu vya ndani ni ya pauni 40,000. Kwa nini wanilipe 3,000?" Mimi ni wakala wa bima hapa Uingereza, na wateja wangu wengi hukusanya treni za mfano: Hornby za zamani, Märklin za Ujerumani, reli za OO (kipimo cha treni za mfano kinachotumika sana Uingereza) zinazozunguka dari nzima. Swali hili limenichosha, nalijibu kwa kirefu, pamoja na maneno mengine ninayoyasikia kwa wateja.

"Bima ndogo inatosha, kwani nyumba nzima haiwezi kuungua."

Haitoshi. Kampuni ilipokuuliza thamani ya vitu vyote vya ndani, ilikuwa inapanga ada. Ukitaja 40,000 na vitu vyako pamoja na treni vinafika 75,000, ada uliyolipa si ya nyumba yako. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu bima za watu binafsi inairuhusu kampuni, ukizembea katika majibu, kupunguza fidia kwa uwiano wa ada uliyolipa na ile uliyopaswa kulipa. Kama ulilipa pauni 150 na ulipaswa kulipa 250, umelipa asilimia 60. Bomba likiganda Januari, likapasuka darini na kuharibu treni za pauni 5,000, unapata 3,000, na bado itakatwa ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe. Hasara ya behewa moja nayo huenda kwa hesabu hiyohiyo. Na ukidanganya makusudi, wana haki ya kukataa kulipa kabisa.

Hakuna anayeamka siku moja akakuta ana treni za pauni 30,000. Zinaingia moja moja. Kichwa kipya cha OO kilichotengenezwa vizuri hupita pauni 200 kwa urahisi. Vichwa hamsini ni 10,000, hujagusa mabehewa wala vidhibiti vya dijitali. Kwa hiyo nawasihi wateja wangu wote: wekeni orodha. Geuza kichwa chali, magurudumu juu, upige picha ya tumbo lake, kisha lebo ya ubavuni mwa boksi yenye namba ya bidhaa (kwa Hornby huanza na R). Boksi la asili usilitupe kamwe, kwa sababu kichwa kilekile bila boksi lake hushuka bei. Nakala ya orodha ikae nje ya nyumba hiyo, kwa dada yako au kwenye barua pepe. Kila mwaka kabla ya kuhuisha bima, jumlisha upya. Ni kazi ya jioni moja!

"Kila kimoja ni cha bei ndogo, sina haja ya kutaja."

Mikataba mingi ina kikomo cha kitu kimoja, mara nyingi pauni 1,500 au 2,000, na mingine huhesabu mkusanyiko mzima kuwa kitu kimoja. Uliza, na jibu ulipate kwa maandishi.

"Watanilipa kipya kwa cha zamani."

Treni ya Hornby Dublo ya 1938 utaipata mpya duka gani? Kwa vitu hivi omba thamani mliyokubaliana mapema, ikitokana na tathmini ya mtu wa minada.

"Bima inanifuata hadi kwenye maonyesho."

Si lazima. Mei 2019 huko Stamford, vijana waliingia usiku katika ukumbi wa shule na kuvunjavunja maonyesho ya klabu ya Market Deeping. Umma ulichanga zaidi ya pauni 100,000, mwanamuziki Rod Stewart akatoa 10,000. Wema ule ulinigusa sana, lakini huwezi kupangia mkusanyiko wako juu ya michango. Omba kinga ya nje ya nyumba na ya njiani.

"Kichwa kimepasuka chenyewe kabatini, nitadai."

Vichwa vingi vya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliundwa kwa zinki iliyochanganyika na madini ya risasi, nayo zinki hiyo huvimba na kumeguka polepole. Uharibifu wa taratibu haulipwi.

"Nauza kidogo tu mtandaoni, haiwahusu."

Mabehewa uliyonunua ili kuyauza ni bidhaa za biashara, na bima ya nyumba kwa kawaida huziacha nje. Niambie kabla wezi hawajaingia, nikutafutie mkataba unaofaa.