"Ulaya matibabu bure": ujumbe wa nusu ukweli

Umerudi tena kwenye magrupu ya Unguja na Pemba: eti Ulaya kote matibabu ni bure, hakuna anayelipa. Si hivyo. Uingereza, tangu 1948, mgonjwa hamlipi daktari, lakini fedha hutoka zaidi kwenye kodi. Na huko England wafanyakazi wengi hulipia dawa walizoandikiwa. Ujerumani wanakatwa bima kwenye mshahara, utaratibu ulioanza 1883, na mwajiri huchangia. Mwenye ndugu yake London amuombe amuoneshe hati ya mshahara: makato yamo, mstari kwa mstari. Tunachanganyikiwa kwa sababu anayehadithia ameona hospitali haina dirisha la keshia; makato ya mwisho wa mwezi (na si madogo) hakuyaona. Tafadhali, ukiletewa usiusambaze.