Usimcheke Thomson

Kila nikisahihisha majibu kuhusu muundo wa atomu, namkuta J. J. Thomson amepewa sentensi moja ya dharau: alidhani elektroni zimetapakaa ndani ya chaji chanya kama mbegu kwenye tikiti maji, Rutherford akaja akamsahihisha. Nafundisha fizikia, na simulizi hiyo inanikera, maana inaficha jambo lenye utamu. Modeli ya Rutherford ilipotoka mwaka 1911, kwa upande mmoja ilikuwa mbovu kuliko ile ya Thomson iliyovunjwa nayo.

Thomson ndiye aliyegundua elektroni, kule Cambridge mwaka 1897. Ukishajua kwamba ndani ya atomu mna chembe zenye chaji hasi, lazima ujiulize kinachozituliza ni nini. Jibu lake la mwaka 1904 lilikuwa la mtu wa hesabu: chaji chanya imejaa tufe zima, hivyo elektroni ikisogezwa kutoka mahali pake inavutwa kurudi. Akakokotoa hata jinsi elektroni zinavyoweza kujipanga kwa pete, akitafuta humo siri ya jedwali la elementi.

Halafu ikaja Manchester, kwenye maabara ya Rutherford, 1909. Hans Geiger na Ernest Marsden, huyu wa pili bado mwanafunzi, walielekeza chembe za alfa (chembe nzito zenye chaji chanya zinazotoka kwenye elementi za mionzi) kwenye vipande vya metali, dhahabu ikiwemo, vingine vyembamba chini ya milimita 0.001. Kazi yenyewe ilichosha. Unakaa gizani hadi macho yazoee, kisha unachungulia kwa hadubini kwenye kioo kilichopakwa zinki salfaidi na kuhesabu vimweko, kimoja kwa kila chembe inayogonga. Sishangai kwamba Geiger ndiye ambaye jina lake limebaki kwenye kifaa cha kuhesabu mionzi.

Nyingi zilipita. Lakini kwenye platini, chembe moja hivi katika kila 8,000 iligeuka ikarudi ilikotoka. Chembe ya alfa ina masi zaidi ya mara 7,000 ya elektroni, kwa hiyo elektroni haiwezi kuirudisha. Chaji chanya nayo, ikiwa imesambaa atomu nzima, msukumo wake ni dhaifu mno. Je, misukumo midogomidogo ikijumlishana? Rutherford alipiga hesabu akaona uwezekano huo ni kama haupo. Basi ni mgongano mmoja tu, na kitu kizito kilichobeba chaji yote mahali padogo sana. Hicho ndicho kiini, chenye kipenyo kisichofika hata sehemu moja ya 10,000 ya kipenyo cha atomu.

Sasa balaa. Kwa sheria za umeme zilizojulikana wakati huo, elektroni inayozunguka kiini lazima itoe mionzi, ipoteze nishati na kuporomoka. Kwa hidrojeni, hesabu inaipa takriban sekunde 0.00000000001. Yaani Rutherford alikuwa na atomu inayokubaliana na vimweko vya Manchester lakini isiyoweza kudumu.

Mwaka 1913 Niels Bohr hakulitatua tatizo hilo, alilipiga marufuku. Alisema ziko njia maalumu ambazo elektroni ikiwa humo haitoi mionzi, na mwanga hutoka pale tu inaporuka kwenda njia ya chini. Kwa nini? Hakueleza. Ila hesabu yake ilitoa mistari ya mwanga wa hidrojeni (rangi maalumu ambazo gesi hiyo hutoa), ukiwemo ule mwekundu wa nanomita 656, ambayo Balmer, mwalimu wa shule mjini Basel, aliitungia kanuni mwaka 1885 bila kujua chanzo chake.

Heliamu, yenye elektroni mbili tu, ikamgomea Bohr: hesabu yake haikulingana na vipimo. Mwaka 1926 mwanafizikia Erwin Schrödinger aliondoa njia zenyewe, akaweka wimbi linalotupa uwezekano wa kuikuta elektroni hapa au pale. Nishati za hidrojeni zikatoka zilezile za Bohr, ingawa kwenye ngazi ya chini kabisa elektroni haizunguki kiini hata kidogo.

Mchoro wa Bohr bado nauchora ubaoni, unasaidia. Ila kwenye mtihani siulizi nani alikosea. Nauliza kila modeli ilikwama kwenye kipimo gani, na anayeniandikia heliamu kwa Bohr nampa alama zote.