Kuposti sana si kipimo cha kujitolea

Wengi huamini kuwa anayeposti sana kuhusu jamii yake ndiye anayeihudumia zaidi, na kwamba aliye kimya hajali. Mtandao wa kijamii huhesabu yanayofanyika humo tu: kutazama, kupenda, kusambaza, kutoa maoni. Hauoni aliyebaki kufagia ukumbi baada ya mkutano, wala aliyekesha na mgonjwa. Lakini kuposti nako si uvivu. Tangazo la kuomba damu likisambazwa mapema huweza kuokoa maisha, na wapo wanaofanya yote mawili kwa moyo.

Ukitaka kuhakikisha, chukua shughuli moja unayoijua. Linganisha waliobofya "nitahudhuria" na majina yaliyomo kwenye daftari la mahudhurio, kisha muulize katibu ni nani hufika mapema kupanga viti. Huenda akakutajia mtu asiye hata na akaunti.