Vali ya chuma au ya nyama: amua kabla ya kuvuka mto Ruzizi

Kitengo chetu cha magonjwa ya moyo hapa Bukavu kinazidi kupokea wagonjwa waliobadilishiwa vali ya moyo (mlango mdogo unaopitisha damu upande mmoja) Kigali au India, na wanakuja na swali ambalo wangeuliza kabla ya safari: "Munganga, hii dawa ya damu nitaimeza mpaka lini?" Kama vali ni ya mitambo, ni maisha yote.

Wengi huipenda kwa kuwa ni "ya chuma, haiozi". Vibao vyake ni vya kaboni, na kweli vinadumu. Kwa mtu asiyefikisha miaka 50 mara nyingi ndiyo tunayoshauri. Lakini damu hugandia juu yake. Bila warfarini au Sintrom, dawa za kuzuia damu kuganda, donge huziba vali au hupanda ubongoni. Vali ya nyama, ya ng'ombe au nguruwe, kwa kawaida huhitaji dawa hiyo miezi 3 hadi 6 tu, ila huchakaa, mara nyingi ndani ya miaka 10 hadi 15, na kwa kijana mapema zaidi. Hapo kifua kinaweza kufunguliwa tena. Aliyepita miaka 65 tunamwelekeza kwenye vali ya nyama. Kama dini yako inakataza nguruwe, sema mapema, ya ng'ombe ipo.

Binti anayetaka kuzaa ana hesabu yake. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa wiki ya 6 hadi ya 12 ya mimba, na kuiacha kimyakimya ni kumhatarisha mama. Aje kwetu kabla ya kubeba mimba.

Sasa kipimo. Kinaitwa INR, na huonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani. Labo ikikupa TP (muda wa damu kuganda) peke yake, rudi uombe INR, maana TP hutofautiana kati ya labo na labo. Vali ya mitambo ya aota (mlango wa damu kutoka moyoni kwenda mwilini) kwa kawaida hulenga 2 hadi 3, ya mitrali (mlango wa ndani, upande wa kushoto wa moyo) 2.5 hadi 3.5. Mwanzoni unapima kila siku chache, kisha kila wiki, na ikitulia, kila wiki 4. Tarehe, namba ya INR na dozi ya dawa vinaandikwa katika karnet (daftari lako la matibabu) siku hiyohiyo. Mama mmoja wa Walungu alituletea karnet yenye kurasa tatu tupu. Njia ilikuwa mbaya na nauli hakuna. Namwelewa kabisa. Ndiyo maana nasema: asiyeweza kufika labo kila mwezi amwambie mpasuaji waziwazi, ili vali ya nyama ifikiriwe hata kama ni kijana.

Ukisahau dozi ya jioni, meza ukikumbuka siku hiyohiyo; kesho usimeze mbili. Na tafadhali, sombe (majani ya muhogo) si sumu! Tunachoka kuona watu wanaacha sombe na lenga-lenga (mchicha) kabisa kwa neno la jirani. Kula kiasi kilekile kila wiki ili nguvu ya dawa isiyumbe, basi. Hatari iko kwenye aspirini, ibuprofeni, na antibiotiki kama Flagyl na Bactrim za kujinunulia farmasi. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4 uliyoandikiwa kukinga homa ya baridi yabisi inayoharibu vali inaendelea hata baada ya vali mpya, ila mwonyeshe muuguzi karnet kwanza. Mganga wa meno naye aambiwe kabla ya kung'oa.

Vali ya mitambo hulia tik-tik, usiku utaisikia. Hiyo ni kawaida. Sauti ikififia ghafla na pumzi ikakata, au mdomo ukaenda upande, usingoje tarehe ya karnet: njoo usiku huohuo.